Sikio la Mji wa Mimba

Sokoni Dzaleka, kati ya mafungu ya ndagala na marobota ya vitenge, mtu akipaza sauti "Mama Bahati!", mwito huo huyafikia masikio yote yaliyo karibu: ya Mnyarwanda muuza nyanya, ya Mrundi fundi viatu, ya Mmalawi aliyeingia na baiskeli yenye gunia la mahindi kutoka vijiji vya Dowa. Watakaogeuka ni wawili au watatu. Sauti ni moja na nguvu yake ni moja, ila majina ya watoto ndiyo yaliyowapa mama zao masikio ya kuisikia. Na hata hao waliogeuka hawatafanya jambo moja. Mmoja ataitika, wa pili atamtambua mwitaji na kuendelea kupanga bidhaa zake, wa tatu atashika kifua akihofia mwanawe kapatwa na nini.

Homoni ni mwito wa namna hiyo. Tezi huitoa, damu huizungusha mwili mzima, na muda si muda imepita kwenye ini, kwenye kidole gumba, kwenye ubongo na kwenye mji wa mimba. Seli isiyo na kipokezi cha homoni hiyo haina habari kwamba kuna aliyeita. Kipokezi ni protini yenye umbo linaloishika homoni fulani na kuziacha nyingine zipite. Vipo vinavyokaa kwenye utando wa nje wa seli, mithili ya bawabu anayepokea barua mlangoni na kuipeleka ndani kwa mkono wa mwingine. Vipo pia vinavyokaa ndani kabisa, ambavyo vikishaishika homoni hukaa juu ya jeni na kuamua ipi iwashwe na ipi izimwe.

Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilipangwa kupokea watu 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Hata hivyo, kuhusu mwanzo wa mimba, maandishi mengi ya Kiswahili huishia kwenye sentensi moja: mbegu ya kiume ilikutana na yai, kisha mimba ikatunga. Mhadhara huu unahusu hilo neno "kisha". Ndani yake mna siku sita hadi kumi na mbili, na mna mashauriano kati ya mgeni na mwenyeji ambayo yakiharibika mimba haipo, wala mwanamke mwenyewe hajui kwamba iliwahi kubisha hodi. Hoja ya mhadhara ni kwamba katika mashauriano hayo neno la mwisho analo msikilizaji, si mwitaji.

Wazo hilo si la zamani. Hadi katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi waliichukulia estrojeni kama kuni: inaingia kwenye seli, inatumika, inabadilika kuwa kitu kingine, na katika kutumika huko ndimo nguvu yake inamotoka. Mwaka 1958, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago alitengeneza estrojeni yenye alama ya mnururisho ili aweze kuifuata popote iendapo, akawadunga panya wadogo wa kike. Kwenye misuli na damu homoni ilipita kama msafiri asiye na jamaa. Kwenye mji wa mimba ilibaki, saa baada ya saa, na ilipopimwa ilikuwa vile vile ilivyoingia. Haikuwa kuni. Kulikuwa na kitu kilichokuwa kikiishika, na kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa kipokezi cha estrojeni.

Swali likawa: nani hasa anayekihitaji kipokezi hicho, mama au kiinitete? Jibu lilikuja mwaka 1993, pale Dennis Lubahn, Kenneth Korach, Oliver Smithies na wenzao walipochapisha habari za panya walioharibiwa jeni la kipokezi hicho kwa makusudi. Smithies, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa mchango wake katika mbinu hiyo ya kubadili jeni moja tu kwa panya, alikuwa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Ni chuo kile kile ambacho watu wa Lilongwe wanakifahamu kwa kituo chake cha utafiti cha Tidziwe, kwenye eneo la Hospitali Kuu ya Kamuzu.

Wengi walitarajia panya hao wafe wangali tumboni. Hawakufa. Walizaliwa, wakanyonya, wakakua. Kasoro ilijitokeza walipokomaa: majike hawakushika mimba, na miji yao ya mimba ilibaki kama ya watoto, haishtuki hata ikidungwa estrojeni tele. Kiinitete hakikuwa na haja kubwa ya sikio lile. Aliyekuwa na haja nalo ni mwenyeji. (Miaka mitatu baadaye, huko Sweden, kiligunduliwa kipokezi cha pili cha estrojeni, ndiyo maana cha kwanza leo huitwa alfa na cha pili beta. Sayansi nayo hupata watoto ambao haikuwatarajia.)

Mwaka 1995 John Lydon, Bert O'Malley na wenzao, huko Houston, walifanya vivyo hivyo kwa kipokezi cha projesteroni. Hapo hasara ilikuwa kubwa zaidi: panya jike asiye nacho hatoi yai ipasavyo, na ukuta wa ndani wa mji wake wa mimba haubadiliki ili kumpokea mgeni. Projesteroni ndiyo inayoufanya ukuta huo unenepe, ulainike, ujae akiba ya chakula, na ndiyo inayoutuliza msuli wa mji wa mimba usijikaze na kumtupa nje aliyeingia. Kazi zote hizo hupitia kwenye kipokezi kimoja.

Uthibitisho ulio wazi kuliko wote unatoka kwenye dawa. Mwaka 1980 wakemia wa kampuni ya Roussel Uclaf, Ufaransa, ambayo Étienne-Émile Baulieu alikuwa mshauri wake, walitengeneza mifepristoni. Dawa hii hukaa kwenye kipokezi cha projesteroni kama ufunguo ulioingia kwenye kitasa ukagoma kuzunguka. Mwanamke mwenye mimba changa akiimeza, projesteroni katika damu yake inabaki pale pale ilipokuwa, lakini mji wa mimba hauisikii tena, na mimba haidumu. Maoni ya watu na ya sheria juu ya dawa hiyo ni mengi, na Malawi ina yake. Kibiolojia inasema jambo moja: mwito ukiwapo na sikio likizibwa, ni sawa na mwito usiokuwapo.

Sindano ya miezi mitatu, ambayo ni miongoni mwa njia za uzazi wa mpango zinazotumiwa zaidi nchini Malawi, inatumia kipokezi hicho hicho kwa kinyume chake. Dawa iliyomo inaiga projesteroni, na ufunguo huu unazunguka vizuri. Ila sikio linalolengwa zaidi liko kichwani: ubongo ukisikia sauti ya projesteroni wakati wote, huzuia amri ya kutoa yai. Kwa hiyo ujumbe ule ule unaoilinda mimba ukisikika kwenye mji wa mimba, ukisikika kwenye ubongo huzuia mimba isianze. Wilayani Mangochi, kusini mwa Ziwa Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake waliofundishwa kujidunga wenyewe nyumbani waliendelea na njia hiyo kwa wingi kuliko waliotakiwa kurudi kwa mhudumu: baada ya mwaka mmoja asilimia 73 walikuwa bado wanaendelea, dhidi ya asilimia 45.

Sasa turudi kwa mgeni mwenyewe.

Yai la binadamu hukutana na mbegu ya kiume ndani ya mrija wa uzazi, si ndani ya mji wa mimba. Hata hapo homoni imekwisha tangulia: seli zinazolizunguka yai hutoa projesteroni, na mwaka 2011 timu mbili, ya California na ya Bonn, zilionyesha kwamba projesteroni hiyo hufungua mlango wa kalisiamu kwenye mkia wa mbegu, mkia ukapiga kwa nguvu mpya. Baada ya hapo kiinitete hugawanyika kikisafiri: seli mbili, nne, nane. Kwa panya imeonekana kwamba kuanzia kwenye seli nane hivi huwa na vipokezi vya insulini, maana yake tayari kinasikia habari za chakula. Siku ya tano kimekuwa kijipira chenye maji ndani na seli zaidi ya mia moja, wataalamu wakiita blastosisti. Seli za nje zitajenga kondo la nyuma. Kifungu kidogo cha ndani kitakuwa mtoto. Siku ya sita hivi kijipira huchana ganda lake na kutoka, tayari kushika ukuta.

Lakini ukuta haumpokei yeyote saa yoyote. Estrojeni na projesteroni zimeuandaa kwa zamu, na kuna siku chache tu ambapo uso wake unashikika. Kabla ya siku hizo unateleza, baada yake umefungwa. Allen Wilcox na wenzake waliwafuatilia wanawake wa North Carolina wakipima mkojo wao kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Katika mimba zilizodumu angalau wiki sita, nyingi zilijishikiza siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kutoka. Zilizojishikiza kufikia siku ya 9 zilipotea mapema kwa kiasi cha 13 katika kila 100. Zilizochelewa hadi siku ya 11 zilipotea zaidi ya nusu, na zilizochelewa kupita hapo, 82 katika kila 100. Mgeni anayefika usiku wa manane katika nyumba iliyokwisha kufungwa anaweza kufunguliwa, lakini mara nyingi hafunguliwi.

Kushika ukuta peke yake hakutoshi. Mwili wa mama una ratiba ya mwezi, na ratiba hiyo haijui kwamba safari hii kuna mtu. Pale yai lilipotokea, kwenye ovari, kumebaki kitezi cha muda chenye rangi ya manjano, ambacho ndicho kiwanda cha projesteroni. Kisipoambiwa kitu, hufa baada ya wiki mbili hivi. Projesteroni ikishuka ukuta huanguka, na mwanamke huona siku zake. Kiinitete kina siku chache za kusema "nipo". Seli zake za nje hutoa homoni ambayo kwa wepesi inaweza kuitwa homoni ya mimba. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ovari na kukaa kwenye kipokezi ambacho si chake kwa asili: ni kipokezi cha homoni ya ubongo inayoamuru yai litoke. Umbo lao linafanana kiasi cha kipokezi kutofautisha kwa shida. Kitezi cha manjano, kilichokuwa kikingojea kufa, kinasikia amri ya kuendelea na kazi, na kinaendelea hadi kwenye wiki ya saba au ya tisa, kondo la nyuma linapokuwa na uwezo wa kutengeneza projesteroni yake lenyewe.

Bukavu, Uvira, Bujumbura au Dar es Salaam, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Kwa hesabu ya homoni, mtoto huanza kumwita mama kabla hajafikisha wiki mbili.

Mwito huo ndio unaosomwa na kijiti cha kupimia mimba kinachouzwa katika maduka ya dawa ya Lilongwe. Mstari unaotangaza mimba huchorwa na kingamwili zilizoandaliwa kuishika homoni ya mimba katika mkojo. Wiki za mwanzo kiasi cha homoni hiyo huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili, ndiyo maana kijiti kinachokanusha Jumatatu kinaweza kukiri Alhamisi bila kuwa kibovu. Kabla ya kingamwili, kazi hiyo ilifanywa na chura. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha Cape Town kuanzia mwaka 1927, alikuwa akichunguza chura wa majini wa kusini mwa Afrika mwenye kucha, na kutokana na kazi hiyo ikagunduliwa kwamba jike akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai ndani ya saa chache. Maelfu ya vyura hao walisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, na hospitali ziliwatumia hadi miaka ya 1960. Chura na binadamu wameachana kwa mamilioni mengi ya miaka, lakini kipokezi cha ovari ya chura kilikuwa bado kinaielewa lugha ya kiinitete cha mtu. Kati ya mambo yote ya biolojia ya uzazi, hili ni miongoni mwa yale yanayostahili kumkosesha mtu usingizi kwa furaha.

Mwito wa mimba hauishii kwenye ovari. Kwa nyani wa jamii inayopatikana Kenya, Asgerally Fazleabas na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba homoni ya mimba ikiingizwa katika siku za mapokezi hubadilisha ukuta wa mji wa mimba wenyewe, hata bila kiinitete kuwapo. Yaani kiinitete hutandika kitanda chake kabla ya kulala.

Ajabu ni kwamba mamalia hawakukubaliana juu ya neno la kusema "nipo". Mfugaji wa Dowa mwenye ng'ombe na mbuzi ana mfano tofauti uani kwake. Kwa wanyama wacheuao, kinachokiua kitezi cha manjano ni mji wa mimba wenyewe: vipokezi vya estrojeni huongezeka ukutani, vikaleta vipokezi vya oksitosini, na hivyo vikafungulia kemikali inayokwenda kukiua kitezi. Kiinitete cha kondoo, kikiwa bado hakijashika ukuta, hurefuka kama uzi na kutoa protini iitwayo interferoni tau, ndugu ya zile ambazo mwili hutumia kupambana na virusi. Protini hiyo huzuia vipokezi vya estrojeni visiongezeke, na mtiririko wote hukwama. Miaka ya 1960, huko Cambridge, Moor na Rowson walionyesha kwa kuhamisha viinitete kwamba kondoo asipokuwa na kiinitete tumboni kufikia siku ya 12 au 13, amechelewa. Kwa ng'ombe ni siku chache baadaye. Kiinitete cha nguruwe kwa upande wake hutengeneza estrojeni yenyewe, karibu siku ya 11 au 12. Binadamu husema "endelea kufanya kazi". Kondoo husema "usikiue". Matokeo ni mamoja, projesteroni haikatiki.

Na tembo?

Julai 2022 Malawi ilihamisha tembo 263 kutoka Hifadhi ya Liwonde, kusini, hadi Hifadhi ya Kasungu, kaskazini-magharibi mwa Lilongwe. Tembo hubeba mimba kwa takriban miezi 22, hivyo mimba moja ya tembo inaweza kuona misimu miwili ya mvua. Kwa mimba ndefu hivyo mtu angetarajia damu iliyojaa projesteroni. Miaka ya 1960 Roger Short, mtaalamu wa uzazi wa wanyama, na Irven Buss walichunguza tembo wa Uganda na ovari zao, wakakuta vitezi vya manjano vikubwa, tena zaidi ya kimoja, lakini projesteroni ndani yake ilikuwa kidogo mno. Ilikuwa kama kuingia kiwandani, mitambo ipo, wafanyakazi wapo, bidhaa haionekani.

Fumbo hilo lilikaa miongo mitatu. Lilifumbuliwa pale watafiti wa Ujerumani, katika miaka ya 1990, walipoacha kuuliza tembo anatoa nini wakauliza kipokezi chake kinashika nini. Kipokezi cha projesteroni cha tembo, kumbe, hupokea vizuri projesteroni iliyobadilishwa kidogo, na homoni hiyo iliyobadilishwa imo tele katika damu yake. Wanasayansi walikuwa wakimtafuta mtu kwa jina lisilo lake. Laiti wangeanza kwa msikilizaji, wangeokoa muda, ingawa ni rahisi kusema hivyo leo, na vifaa vya kumhoji msikilizaji havikuwapo siku zile.

Kufanana kwa maumbo kuna jambo jingine kwa binadamu, nalo linaihusu Kongo moja kwa moja. Homoni ya mimba inafanana pia, kwa mbali, na homoni ya ubongo inayoamsha tezi ya shingo. Inapofikia kilele chake, karibu wiki ya kumi, hugusa vipokezi vya tezi hiyo na kuisukuma itoe homoni zaidi. Mtu angedhani ni ajali ya ufanano, lakini wakati wake ni mzuri mno. Mwaka 1984 Juan Bernal na Fredrika Pekonen walichapisha ushahidi kwamba ubongo wa mtoto aliye tumboni una vipokezi vya homoni ya tezi ya shingo tangu kwenye wiki ya kumi, na huongezeka haraka katika wiki zinazofuata. Tezi ya mtoto mwenyewe wakati huo ndiyo kwanza inajengwa. Sikio limetangulia mdomo. Anayelisemesha ni mama, na mama hutengeneza homoni hiyo kwa iodini, ile ambayo Afrika Mashariki huitwa madini joto.

Katikati ya Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Wapo Dzaleka watu wa Kivu wanaokijua, au waliokiona kutoka ufukweni. Miaka ya 1960 madaktari Wabelgiji, François Delange na André Ermans wakiwa miongoni mwao, walikwenda huko kuchunguza rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa nalo; kusini-magharibi, kama watu 5 katika kila 100. Iliyowashangaza ni kwamba iodini ilikuwa haba pande zote mbili kwa kiwango kilekile. Tofauti waliikuta kwenye chungu. Mihogo ya kaskazini ilikuwa na sumu iliyo jamii ya sianidi, ambayo mwili huibadilisha kuwa kemikali inayozuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Rovu ndilo lililoonekana kwa macho. Lisiloonekana lilikuwa tumboni: mahali ambapo mama wanakosa homoni hiyo, baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa na ulemavu wa akili na wa ukuaji ambao hakuna dawa ya kuurudisha nyuma.

Kwa nini ukosefu wa homoni uharibu kiasi hicho, badala ya kuchelewesha tu? Bernal yule yule, pamoja na Beatriz Morte na wenzao wa Madrid na Stockholm, walitoa jibu la kushangaza mwaka 2002. Panya aliyenyimwa homoni ya tezi huharibika mpangilio wa sehemu ya nyuma ya ubongo. Panya aliyenyimwa homoni hiyo na pia kuondolewa kipokezi cha alfa cha homoni hiyo hiyo hakupata uharibifu huo. Kwa maneno mengine, kipokezi kisichoshika homoni hakikai kimya. Hukaa juu ya jeni na kuzifunga. Kinachouumiza ubongo kwa sehemu kubwa ni sikio linalongoja mwito usiokuja, na katika kungoja kwake linazuia kazi isifanyike.

Malawi ilipitisha sheria ya kutia iodini kwenye chumvi katika miaka ya 1990. Kliniki ya wajawazito ina umuhimu wake, ila kalenda haiko upande wake: kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, robo hivi tu ya wajawazito wa Malawi walihudhuria kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kadi ya kliniki inapoandikwa, mji wa mimba umekwisha fungua na kufunga mlango, kitezi cha manjano kimekwisha kabidhi kazi kwa kondo la nyuma, na vipokezi vya ubongo viko juu ya jeni zake vikisubiri. Kilichowahi kufika ni kilichokuwamo kwenye mboga.

Iodini ni madini yanayoruka. Chumvi inayopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi hupungukiwa nayo kwa jua na kwa unyevu, na ile inayotiwa chunguni mapema hupoteza nyingine kwa mvuke. Wapishi wanaoiweka kwenye chombo chenye kifuniko, wakaitia mboga inapokaribia kuepuliwa, huibakiza zaidi. Mihogo michungu nayo, ikilowekwa siku tatu au nne hadi ilainike kama wafanyavyo mama wengi wa Kivu kabla ya kuianika na kuitwanga, huacha sehemu kubwa ya sumu yake kwenye maji.